Maji Aliyopewa Fumo

Majengo, Kismayo
12 Januari 2024

Mwanangu Hussni,

Amani ya Mungu ikufikie huko uliko, na baridi ya Glasgow isikuingie mifupani. Sisi tu hai, twashukuru. Dada yako Bushra anaendelea kusomesha watoto wa shule. Paa la jikoni lililong'olewa na mvua za Novemba limeezekwa upya. Mwanahija, jirani yetu, amepata mjukuu wa kike na hatupumui kwa sifa za mtoto huyo.

Barua hii anaichukua Mahmudi, anakwenda Mombasa Jumatatu. Atampa Adnan aitie posta. Najua utajiuliza kwa nini sipigi simu. Simu yetu ina ufa, haisikiki mpaka iwekwe spika, na nyumba hii haikosi watu. Nikikuuliza jambo mimi, Majengo yote imeuliza. Tena Bushra ndiye anisomeaye ujumbe wote unaoingia, na hili sitaki alisome. Kiswahili cha kuandika nilikipata kambini Mombasa kwa yule mwalimu aliyetukalisha mikekani baada ya Alasiri. Wewe ulikuwa ukija kuniibia kalamu. Leo acha ikufae.

Khitma ya arobaini ya Fumo tumeisoma. Walikuja watu wa visiwani, wa Chula na wa Ngumi. Hata wale wa Chovai, waliokuwa wakisema kila mwaka kwamba mwanangu kawaharibia mashine ya boti, walikuja, wakalia kutushinda wenyewe. Mmoja wao alisema, "Sasa tutamgombeza nani?" Nikamwona ni mtu mwema.

Mpaka leo napata skrubu zake ndogo ndani ya visahani vyangu vya kahawa. Alikuwa akifungua mashine huzitia humo zisipotee, na mimi nikimkaripia. Sijazitoa.

Sasa swali langu. Hospitali walisema mshipa wa kichwani umepasuka kwa presha. Hussni, kijana wa miaka thelathini na mitatu, mwembamba vile, presha aliipata wapi? Baba yake, Shuaibu, alianguka mlangoni pa msikiti wa Chula akiwa na arobaini na mmoja. Wakati ule tulisema ni ajali yake imefika, tukazika. Watu wa hapa wanakuita daktari, wanasema unafanya kazi katika nyumba wanamochunguza presha. Kama unayajua maradhi haya, niambie yanakuja vipi kwa vijana.

Nauliza kwa sababu wiki iliyopita Bushra alitaka kuinuka kitini, miguu ikakataa. Alicheka. Nami nikacheka.

Mama yako mdogo anayekuombea,
Khamisa


Glasgow
19 Februari 2024

Mama,

Baada ya kukubusu mkono, nakuarifu kwamba barua yako imenifikia salama, ingawa bahasha ilikuwa imelowa pembeni. Mimi ni mzima. Theluji ilianguka siku mbili ikayeyuka. Jamaa zetu wa huku walimsomea Fumo nyumbani kwa wazee wa Kibajuni, na nilipika mimi wali wa nazi. Wakaula kwa kunihurumia.

Tangu mama yangu Zainab atuache kule kambini sina mama ila wewe, kwa hiyo sitakudanganya. Mimi si daktari, na sijapata kuwa daktari. Nimewaacha watu waniite hivyo, na kosa ni langu. Kazi yangu ni kutunza panya. Naosha vizimba, nabadilisha matandiko, najaza chupa za maji, naandika kila panya amekunywa kiasi gani na ana uzito gani. Wanaosoma maandishi yangu ndio madaktari.

Lakini miaka sita nimekuwa chumba kimoja na ugonjwa huo, na nimeufahamu kidogo. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, kama kofia. Tezi hiyo hutoa homoni inayouambia mwili uzuie chumvi na maji. Kuna watu ambao tezi yao haijui kunyamaza, hutoa homoni kupita kiasi, na presha yao hupanda wangali vijana, wembamba kwa wanene. Mara nyingine hutembea katika ukoo. Kwa kuwa mtu huwezi kumfanya mgonjwa ili umchunguze, madaktari huwafanya panya wawe na hali hiyo. Humtoa panya figo moja, humtia chembe ya homoni chini ya ngozi, na maji yake ya kunywa huwa na chumvi. Presha hupimwa mkiani. Kuna kanda ndogo kama pete, mkia hupashwa joto kwanza ili damu ipite vizuri, na panya huwekwa ndani ya bomba la kioo atulie. Wapo wanaozoea, huingia wenyewe. Yupo mmoja hulala humo kabisa, tunamsubiri.

Panya hao hunywa maji mno, hukojoa mno. Nikamkumbuka Fumo akijiita mtu wa maji, "Mimi mchu wa maji," na ule mtungi aliouweka karibu na kitanda chake. Je, mpaka mwisho alikuwa vile? Na Bushra, ana kiu?

Mama, nakusihi apelekwe kwa daktari apimwe presha na damu. Na apunguziwe chumvi.

Mwanao,
Hussni


Majengo, Kismayo
3 Aprili 2024

Hussni, jicho langu,

Twakutakia kheri ya siku hizi za mwisho za Ramadhani. Barua yako ilikaa wiki tatu kwa Adnan, maana Mahmudi alishikwa na homa Lamu. Usimlaumu, amekonda. Sisi tumefunga salama, ila Bushra amefungua siku tano kwa udhaifu. Wanafunzi wake wamemletea tende, mmoja kaleta tende moja, kaishika mkononi njia nzima mpaka imelainika. Bushra akaila mbele yake.

Nilisoma habari za panya mara nyingi. Nilimsomea Bushra ile ya kupimwa mkiani, akacheka mpaka akashika ubavu. Mengine sikumsomea.

Fumo alikuwa vile mpaka mwisho. Mtungi aliumaliza kabla ya Alfajiri. Bushra naye ana kiu.

Nilimpeleka kwa Daktari Abdulrazaq, kijana wetu aliyefungua zahanati karibu na soko. Alimpima, akapima tena mkono wa pili, akanitazama. Presha ya mwanangu iko juu sana, na ana miaka ishirini na saba. Akatoa vidonge vya kuteremsha maji mwilini. Kisha akaniuliza habari za Fumo: aliugua siku ngapi, alianzaje, alipewa nini. Nikasema aliugua siku tano, miguu ikilegea. Nikasema alipewa maji.

Vidonge amekunywa siku kumi. Presha imeshuka kidogo, lakini miguu imezidi. Sasa hata vidole vya mikono vinamkaza, akishika chaki inaanguka. Mwanahija alimwona akaniambia, "Huyu presha imemshuka, dada, mpe chumvi na ndimu anyanyuke." Akaleta mwenyewe kikombe kimejaa, anakikoroga njiani. Nilimshukuru nikakipokea. Alipoondoka nikakimwaga shimoni nikakiosha.

Hussni, mimi nilikulea, najua unavyosema na unavyonyamaza. Ulipokuwa mdogo ukivunja kitu ulikuwa ukinisimulia habari ndefu za paka. Katika barua yako umeandika kuwa maji ya panya yana chumvi, mara moja, kisha ukakimbilia mikia yao. Chini kabisa ukasema Bushra apunguziwe chumvi, bila kusema kwa nini. Hiyo chumvi inawafanya nini? Niandikie kama unavyoandika katika daftari lako la kazi.

Mengine yangu sina la kuandika leo.

Khamisa


Glasgow
28 Aprili 2024

Mama yangu,

Natumai Idi ilikupiteni kwa wema na Mahmudi amepona. Mimi niliswali msikitini, nikala kwa watu, nikarudi kazini mchana. Mzima wa mwili.

Juzi nilipopiga simu nikakwambia Bushra asile chumvi kabisa na arudi kwa daktari upesi, ulisema "Haya," na nyuma yako watu walikuwa wakizungumza habari za harusi. Sikuweza kuendelea. Ninayoyaandika hapa nilipaswa kuyaandika Februari.

Umetaka kama ninavyoandika kazini. Panya aliyetiwa homoni akapewa maji matupu, presha yake hupanda kidogo tu. Panya aliyepewa maji ya chumvi bila homoni, figo zake nzima, huyamudu. Aliyepewa vyote viwili, homoni na chumvi, presha yake hupanda wiki baada ya wiki, moyo unavimba, figo zinaharibika, na wengine hufa ghafla kwa mshipa wa kichwa. Homoni inazuia chumvi ndani na inaitupa potasiamu nje kwa mkojo. Potasiamu ndiyo inayoipa misuli nguvu. Ikipungua, miguu hulegea. Nimewaona panya wakiburuta miguu ya nyuma, nimewabeba kwa mkono mpaka kwenye chakula. Kwa hiyo mtu wa namna hii akilegea miguu, presha yake haikushuka. Imepanda.

Nilimpelekea habari za Bushra Daktari Sabah, mama wa Kiiraki anayetibu wanyama wetu. Aliacha chai yake ipoe. Akasema vidonge vya kuteremsha maji humpunguzia potasiamu zaidi mtu mwenye ugonjwa huu, na ndiyo sababu amezidiwa. Aliomba ushauri kwa daktari wa watu wa jengo la pili, na wote wawili wameandika karatasi iliyomo ndani ya bahasha hii. Mpe Daktari Abdulrazaq. Apime potasiamu kwanza, kisha homoni. Dawa yake ipo, ni ya zamani, inapatikana kote. Lakini Daktari Sabah amesema ni lazima daktari ajue yote yaliyompata Fumo, yaani alipolegea alipewa nini na baada ya hapo alikuwaje, maana damu ni moja na historia ya kaka ndiyo itakayomfanya amtazame dada kwa jicho jingine.

Sasa nalisema lililonitia habari za paka.

Jumanne ile, siku moja kabla Fumo hajafariki, ulinipigia nikiwa kazini. Ulisema miguu yake haina nguvu, kichwa kinamzunguka, wanawake wanasema presha imeshuka. Ukaniuliza, "Nimpe maji ya chumvi?" Nikasema, "Mpe." Sikuuliza kama amepimwa. Nilikuwa na glovu mikononi na chupa ishirini na nne mbele yangu, ninazitia chumvi zile zile. Nilisema kwa sauti ya daktari kwa sababu uliniita daktari na nilipenda. Miaka sita naandika chumvi inavyowafanya panya, na mtu wangu wa kwanza kunihitaji nikamjibu kama mpita njia.

Nilimuuliza Daktari Sabah kama maji yale ndiyo yaliyomuua. Akasema ugonjwa ulikuwa umefanya kazi ndani ya Fumo kwa miaka mingi, na maji yale hayakumsaidia, na zaidi ya hapo hajui, na yeyote atakayekwambia anajua anakudanganya.

Najua kwa nini ulimwambia daktari kuwa alipewa maji tu. Ulikuwa ukinifunika mimi. Mama, usinifunike. Mwambie ni mpwa wako aliye Ulaya aliyesema. Mtaje jina. Ila Bushra apone.

Hussni


Majengo, Kismayo
30 Juni 2024

Mwanangu Hussni,

Salamu za Idi Kubwa, ingawa zimechelewa. Bahari ilikuwa mbaya wiki nyingi na Mahmudi hakupata chombo. Karatasi ya madaktari wako imenifikia tarehe kumi na moja, imekunjika lakini inasomeka. Mjukuu wa Mwanahija ameota meno mawili. Haya, hapo umeshajua habari zote za mtaa.

Kesho yake, Jumatano, nilikwenda na Bushra kwa Daktari Abdulrazaq. Alikuwa akitembea kwa kunishika bega. Daktari aliisoma karatasi akiwa amesimama, kisha akaketi akaisoma tena. Akaniuliza upya, taratibu, alipewa nini Fumo.

Nilitaka kumwomba Bushra atoke nje kidogo. Nikaona kwamba nikimtoa leo, sitamrudisha. Nikasema mbele yake: "Nilimpa maji ya chumvi na ndimu. Asubuhi na jioni. Mkono ni wangu."

Daktari aliandika. Hakuniambia nimekosea wala sikukosea, akauliza chumvi ilikuwa kiasi gani na baada ya kunywa kichwa kilimuuma zaidi au vipi. Nikasema kilimuuma zaidi kila jioni, na mimi nikidhani ni kwa sababu chumvi haijatosha. Hapo kalamu yake ilisimama. Bushra alikuwa akitazama sakafu.

Damu aliichukua siku ile ile. Potasiamu ilikuwa chini mno, akasema ni ajabu msichana huyu kaja kwa miguu yake. Alimsimamishia vidonge vile, akampa potasiamu ya kunywa, kwanza chini ya macho yake palepale zahanati, siku mbili. Damu nyingine ilipelekwa Nairobi kwa ndege kupimwa homoni. Jibu limekuja juzi: ni hiyo tezi. Ameanza ile dawa ya zamani uliyoisema. Presha haijawa nzuri lakini inateremka, na daktari ameridhika nayo. Jana Bushra alikwenda darasani peke yake akarudi peke yake. Siku moja itabidi apigwe picha ya tumbo ionekane kama tezi iliyoharibika ni moja au ni zote mbili. Tutafika huko.

Ungependa kujua alivyosema Bushra. Tulipotoka zahanati tulikwenda mpaka kona ya wauza mkaa. Nilikuwa nikihesabu hatua zake. Akasema, "Kumbe ndiyo maana tangu kaka afe chakula chako hakina ladha." Nikamwambia ndiyo, mkono haufiki kwenye kopo la chumvi. Akasema, "Na mimi nikila, nikikusifu." Kisha akalia njiani, yeye ambaye siku ya maziko hakulia mbele ya watu, na muuza mkaa akatuletea kigoda.

Usiku wa jana aliniuliza kama Fumo alijua. Nikamwambia Fumo aliniamini.

Sasa lako. Nimelisoma, nikaliacha siku tatu, nikalisoma tena. Umeandika kwamba nilikufunika. Hussni, nilijifunika mimi. Wewe unadhani nilianza kumpa kwa neno lako. Nilianza Jumamosi. Jumapili nilimpa mara mbili, na Jumatatu mara mbili, na Jumanne asubuhi nilimpa, na kila mara alikuwa mbaya zaidi kuliko kabla yake. Nikaingiwa na hofu. Sikukupigia kukuuliza. Nilikupigia ili mtu mwingine aseme, nisibaki peke yangu na jambo hilo. Na wewe ulisema kile nilichotaka kukisikia, kama ulivyokuwa ukifanya tangu utotoni nikiuliza kama chakula kimekolea.

Baada ya simu nilimkorogea. Nilipompelekea alifunga mdomo, akasema, "Mama, nimejaa." Hakunywa. Kesho yake adhuhuri hakuwapo. Neno lako halikufika tumboni mwake. Sikwambii haya ili ulale vizuri. Nakwambia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na nilikuacha miezi saba ukibeba kitu ambacho sehemu kubwa yake ni yangu. Ulipoandika juu yake ndipo nilipojua ulikuwa umekibeba. Kwa hilo nisamehe wewe.

Watu wema wananiambia, "Hukujua." Mwanahija ananiambia kila siku, naye tangu nimweleze amekuwa akipita mlango kwa mlango akiwaambia wanawake mtu akilegea apimwe kwanza, kwa ukali kama vile yeye ndiye daktari. Najua kwamba sikujua. Hainiondolei Jumamosi. Lakini tangu niseme mbele ya binti yangu naweza kukaa chumba kimoja naye bila kutafuta kazi ya kufanya.

Hao panya wako wahurumie. Sikupenda habari zao mwanzoni, nikaona ni ukatili tu. Sasa sijui nione nini. Wametufaa, na hawakuulizwa.

Jumatano tunarudi kwa daktari. Bushra amesema nisijisumbue kwa jua hili, nikae nyumbani, ataingia mwenyewe, ni mtu mzima. Nimemwambia nitakwenda na nitaingia. Kuna mambo ya damu yetu niliyoyaona mimi tu, ya Shuaibu na ya Fumo, na daktari akiyauliza nataka niwepo nimjibu.

Khamisa, mama yako